Uso Nao Hutaka Usiku Wake wa Kulala

Nilikuwa natawadha kwa sala ya Alfajiri, na maji yalipofika usoni nilipiga ukelele uliomwamsha mume wangu. Maji yenyewe yalikuwa yale yale ya birika ninayoitumia kila siku, wala hayakuwa ya moto. Lakini mashavuni yaliwasha kama siki juu ya kidonda. Nikawasha taa, nikajitazama kiooni. Ngozi ilikuwa imebanduka pembeni mwa pua kama rangi kuukuu ya mlango, na chini ya macho palikuwa pamevimba na kung'aa.

Sababu nilikuwa naijua, na leo nitaieleza bila ya kuficha, maana huenda msomaji akawa na chupa kama zangu kabatini mwake.

Arusi ya mwanangu ilikuwa imebaki miezi mitatu. Nilikuwa na madoa mawili matatu ya chunusi za zamani kidevuni, nami kama mama wa bibi arusi sikutaka kukaa mbele za watu na madoa yangu. Binti wa kaka yangu, aliyeolewa Nairobi, akaniletea chupa mbili. Moja ilikuwa ya asidi ya glaikoliki, ile inayopatikana katika miwa ingawa siku hizi hutengenezwa viwandani. Kazi yake ni kulegeza magamba ya ngozi iliyokufa ili yatoke. Ya pili ilikuwa retinoli, ambayo ni jamii ya vitamini A, na kazi yake ni kuihimiza ngozi ijitengeneze upya kwa haraka zaidi. Aliniambia, "Shangazi, usizipake pamoja." Mimi nikasema moyoni kwamba kama dawa moja ni nzuri basi mbili ni nzuri zaidi. Nikazipaka zote mbili, usiku baada ya usiku, siku kumi mfululizo.

Mama yangu aliponiona asubuhi ile alisema, "Ndoo nikuone. Umejifanyani?" Kisha akanyamaza, akenda zake jikoni. Kunyamaza kwake kuliniuma kuliko yale maji.

Nilikwenda kwa daktari wa ngozi. Aliniambia jambo ambalo watu wenye ngozi nyeusi wangepaswa kuambiwa kabla ya kununua chochote: ngozi yetu ikiungua au ikiwashwa sana, mara nyingi huacha alama nyeusi, na alama hizo huweza kukaa miezi mingi. Yaani nilitaka kuondoa madoa matatu, nami nikawa katika hatari ya kujitia madoa uso mzima. Akanikataza kila kitu kwa wiki tatu isipokuwa sabuni laini, mafuta mazito yasiyo na manukato, na mafuta ya kukinga jua mchana.

Uso ulipotulia ndipo aliponifundisha zamu. Mpango wenyewe ni wa masiku manne. Usiku wa kwanza ni wa asidi. Usiku wa pili ni wa retinoli, kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso mzima, baada ya uso kukauka vizuri. Usiku wa tatu na wa nne hupaki dawa yoyote. Unaosha uso, unapaka mafuta ya kulainisha, unalala. Kisha unaanza tena. Mpango huu ulipewa umaarufu na daktari wa ngozi wa New York, Whitney Bowe, na mwaka 2022 ulienea mno katika TikTok. Lakini kabla ya jina hilo, madaktari wa ngozi walikuwa wakiwaambia wanaoanza dawa za jamii ya vitamini A wazipake usiku mmoja na kuruka mmoja au miwili. Tretinoini, ambayo ni kali kuliko retinoli na hutolewa kwa cheti cha daktari, iliruhusiwa Marekani kutibu chunusi tangu mwaka 1971.

Kwa nini masiku mawili ya kupumzika? Kwa sababu ngozi ina ukuta wake wa nje, ambao mafuta yaliyomo baina ya chembe zake huzuia maji yasitoke na uchafu usiingie. Asidi huulegeza ukuta huo, na retinoli nayo huweza kuukausha. Ukuta usipopewa nafasi ya kujijenga, hata maji ya udhu huwasha. Na kwa nini usiku? Retinoli huharibika ikipigwa na jua, na ngozi iliyopakwa asidi huungua upesi zaidi juani. Kwa sisi wa Mombasa hilo si jambo la kufanyia mzaha.

Mimi hesabu ya masiku ilinipa taabu, na nadhani itawapa taabu wengi. Nne haziingii sawasawa katika saba, kwa hivyo huwezi kusema asidi ni ya Jumamosi tu. Tena kwetu usiku hutangulia mchana: nikisema usiku wa Ijumaa nakusudia ule wa kuamkia Ijumaa, na binti wa kaka yangu aliyezoea saa za ofisi anakusudia mwingine. Tulibishana kwa simu karibu nusu saa. Mwisho nilichukua kalenda ya ukutani nikaandika kwa penseli moja, mbili, tatu, nne, na kila usiku baada ya sala ya Isha naifuata namba.

Juu ya udhu nilimuuliza daktari waziwazi. Alisema maji matupu hayana neno, bora nisijisugue wala kutumia sabuni kila mara. Nikishapaka baada ya Isha, mpaka Alfajiri dawa imekwisha kufanya kazi yake. Tabu iko mchana: mafuta ya kukinga jua niliyopaka asubuhi huondoka ninapotawadha Adhuhuri, basi ni lazima niyarudie kila nikishatawadha kama natoka nje.

Nilipomweleza mama mpango huu alicheka. Alinikumbusha nyanya yangu, aliyekuwa na msio wake wa kusagia liwa, akijipaka siku moja tu katika wiki na siku nyingine mafuta ya nazi basi. Hata singo ya bibi arusi ina siku zake. Lakini sitaki kumsifu nyanya kwa kila kitu. Yeye huyo huyo alitufundisha kujipaka ndimu usoni tung'are, na ndimu ikikutana na jua huchoma ngozi mpaka malengelenge. Nina dada ambaye alama ya ndimu ilimkaa shingoni tangu shule hata akaolewa nayo.

Wala mtu asichanganye zamu hii na mkorogo. Yale makopo yasiyo na maandishi yanayouzwa kwa kunong'ona, mengine yana zebaki, inayoharibu figo, au haidrokwinoni, na vipodozi vyenye vitu hivyo vimepigwa marufuku hapa Kenya. Hakuna mpango wa masiku manne utakaoyafanya yawe salama. Na aliyeandikiwa dawa na daktari apake kila usiku, amfuate daktari wake, si mimi.

Arusi ilikwenda vizuri. Madoa ya kidevuni yalikuwa bado yapo, yamefifia kidogo, maana retinoli hutaka miezi mitatu na zaidi ndipo ionyeshe kazi, nami nilipoteza wiki zangu kwa pupa. Nilivaa buibui langu, nikakaa mbele, na hakuna aliyeniuliza.

Mwezi uliopita binti wa kaka yangu alikuja kututembelea. Alikaa nami barazani, akainamisha kichwa, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba amekosa siku zake mara mbili. Nikamkumbatia. Kisha nikamuuliza kama bado anapaka retinoli. Akasema, "Naam, shangazi, jana tu." Dawa za jamii ile mwenye mimba hatakiwi kuzipaka, na daktari alikuwa amenionya hivyo siku ya kwanza aliponiuliza umri wangu. Nilimwambia aende akamweleza daktari wake, na chupa nikaomba anipe pale pale. Aliitoa mkobani bila ya kubisha.

Kwa hivyo sasa ninazo mbili kabatini. Namba ya leo ni tatu, na zote zimelala.