Binti Ataka Kuwasomesha Viziwi: Aelekee Chuo Gani?

Kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, wazazi hutujia kutaka shauri. Aghalabu maswali huwa ni yale yale: uuguzi, uhasibu au ualimu? Miaka ya karibuni limeongezeka swali ambalo zamani hatukulisikia. Binti ataka kuwa mwalimu wa viziwi, na mzazi hajui ampeleke wapi, wala hajui kama kazi hiyo ina riziki. Tumeonelea tulijibu hapa, ili faida iwafikie wote.

Kwanza tuseme kwa nini swali hili ni zito. Katika mitaa yetu mna watoto viziwi wanaopendwa, wanaolishwa na kuvishwa vyema, lakini hakuna nyumbani anayezungumza nao. Mtoto huyo huketi mwisho wa safu katika chuo cha Kurani, akachezesha midomo kama aonavyo wenziwe wakifanya. Msichana akibaleghe, ni nani atakayemfunza twahara na josho la hedhi? Ni nani atakayemweleza kwa nini twafunga na kwa nini twaswali? Faradhi imemfika, na elimu yake haikumfika. Jukumu hilo ni letu sisi tunaosikia.

Dini haikumfungia mlango. Ibn Umm Maktum alikuwa kipofu, na kwa ajili yake iliteremka Surat Abasa. Kisha akawa mwadhini wa Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam. Ama asiyeweza kusema, wanazuoni wa fiqhi wameikubali ishara yake inayofahamika katika nikaha, talaka na biashara. Ishara basi ni maneno mbele ya sharia. Na Katiba ya Kenya ya 2010 nayo yaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya, hata ikaifanya moja katika lugha rasmi tatu za Bunge.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe. Njia ya kwanza ni chuo kikuu, kwa aliyepata alama ya C+ na kuendelea. Vyuo vikuu vya Kenyatta na Maseno vina idara za elimu ya mahitaji maalumu, na humo mwanafunzi aweza kuelekea upande wa ulemavu wa kusikia. Njia ya pili ni kusomea ualimu wa kawaida kwanza, katika chuo kilicho karibu kama vile Shanzu, kisha kuongeza stashahada ya elimu maalumu. Hapo ndipo inapotajwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa 1986 na iliyoko Kasarani, Nairobi. Walimu wengi waliokwisha ajiriwa wamepitia taasisi hiyo wakisoma wakati wa likizo za shule. Njia hii yamfaa dada aliyeolewa na mwenye watoto, asiyeweza kuhama kwa miaka mingi.

Kabla ya kulipa hata shilingi, tunawasihi wazazi na binti zao waulize maswali manne.

La kwanza: je, cheti kitakubaliwa na TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu? Bila ya kusajiliwa na tume hiyo, mtu hawezi kufundisha katika shule za Kenya. Jibu litafutwe kwa tume yenyewe, si kwa karani wa chuo anayetafuta wanafunzi.

La pili: lugha ya ishara yasomeshwa kwa muda gani, na ni nani anayeisomesha? Lugha ya Ishara ya Kenya si Kiswahili kilichotiwa mikononi. Ina sarufi yake na mpango wake wa maneno, na haipatikani kwa kukariri ishara za alfabeti. Chuo chenye wakufunzi ambao wenyewe ni viziwi kina neema kubwa.

La tatu: mazoezi ya kufundisha hufanyiwa wapi? Mwanafunzi apaswa kukaa na watoto viziwi wenyewe. Hapa pwani tuna shule ya viziwi ya Ziwani mjini Mombasa, iko ya Kwale, na iko ya Kibarani, Kilifi. Tena twashauri binti azuru mojawapo kabla ya kujaza fomu, aketi darasani kutwa nzima ikiwa ataruhusiwa. Huenda akaona kwamba moyo wake hauko huko, na ni afadhali ajue mapema.

La nne: je, mafunzo yanagusa kusoma na kuandika? Kumfunza kusoma mtoto ambaye hajapata kuisikia lugha iliyoandikwa ni kazi ngumu yenye ufundi wake. Kadhalika apaswa kujua vipimo vya masikio na utunzaji wa vifaa vya kusaidia kusikia.

Kwa upande wa gharama, anayejiunga kupitia KUCCPS, idara ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, aweza kuomba mkopo wa HELB. Na ziko basari za kaunti na za maeneobunge. Lakini mkopo ni deni, na deni hulipwa. Familia iandike hesabu yote, pamoja na malazi na nauli, kabla ya kukubali nafasi.

Kuna hofu mbili ambazo kina mama hututajia. Ya kwanza ni umbali. Hofu hiyo ina haki yake. Wazazi watangulie kuona mahali atakapolala binti, wawaulize jamaa walioko huko, na wamjue kiongozi wa wanafunzi Waislamu chuoni. Ya pili ni uso. Katika lugha ya ishara uso ni sehemu ya maneno. Kunyanyua nyusi hugeuza kauli ikawa swali. Je, avaaye niqabu atafundishaje? Twasema kwamba watoto wadogo hawana tatizo. Ama kwa wakubwa, Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kisomeshwacho katika darsa zetu, ametaja kufundisha miongoni mwa haja zinazoruhusu uso kutazamwa, kwa kadiri ya haja hiyo. Mwenye shaka zaidi na amwendee shekhe wake.

Wala tusiwasahau viziwi wenyewe. Binti kiziwi aliyefaulu mtihani aweza kuwa mwalimu, na hakuna amjuaye mtoto kiziwi kuliko yeye. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huwasaidia wanafunzi kama hao. Mzazi amsajili mwanawe mapema.

Ombi letu la mwisho ni kwa kamati za misikiti na za vyuo vya Kurani. Mkimpata binti wa mtaa wenu aliyeichagua njia hii, mchangieni karo, na akirudi mpeni darasa Jumamosi na Jumapili. Mama wa mtoto kiziwi naye aketi humo ajifunze, ili mwanawe apate wa kuzungumza naye nyumbani.

Mola awape tawfiki mabinti hao, na awajaalie wazazi wao subira. Amin.