Malale na Kuvuja kwa Lisosomu: Maelezo kwa Watumishi na Wananchi Wasafirio Bara

Mwaka 1997 kisiwa cha Unguja kilitangazwa kuwa hakina tena mbung'o. Mafanikio hayo yalipatikana baada ya mbung'o madume waliotiwa utasa kwa mionzi kuachiwa kwa wingi kutoka katika ndege. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwezi wa Septemba 1996. Ng'ombe wa Unguja wakasalimika na maradhi ya nagana.

Hata hivyo, watumishi na wafanyabiashara wa Visiwani husafiri bara, na wapo wafikao Tabora na kuendelea kwa reli ya Kigoma hadi Usoke, wilayani Urambo, nchi ya miombo, tumbaku na asali. Huko mbung'o, aitwaye pia ndorobo, hajatoweka, na wilaya hiyo imejulikana kwa miaka mingi kuwa na ugonjwa wa malale, ingawa wagonjwa wamepungua sana.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika misitu hiyo. Mizigo ilichukuliwa na wapagazi, na sababu mojawapo ni kwamba wanyama wa mizigo walikufa kwa nagana. Mpagazi aliumwa na mbung'o yule yule aliyemuuma punda. Punda akafa, naye mpagazi mara nyingi akasalimika. Sababu ya tofauti hiyo imo ndani ya seli.

LISOSOMU NI NINI

Takriban kila seli ya mwili ina vifuko vidogo vyenye tindikali na vimeng'enya. Mtaalamu wa Ubelgiji, Christian de Duve, alivipa jina la lisosomu mwaka 1955, na mwaka 1974 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Kazi ya vifuko hivyo ni kusaga vitu vilivyomezwa na seli pamoja na sehemu zake zilizochakaa. Aidha, juu ya utando wa kifuko hukutana protini ziiarifuzo seli iwapo lishe inatosha ili ikue, au imepungua ili ijizuie.

Utando huo ukitoboka kidogo, seli huuziba, au hukiteketeza kifuko kizima. Ukitoboka sana, vimeng'enya humwagika na kukata protini zisizopaswa kukatwa, habari za lishe huvurugika, ishara za hatari hutolewa, na seli huweza kufa. Ndivyo inavyotokea kwa wachimbaji wavutao vumbi la mawe lenye silika: seli za ulinzi za mapafu huzimeza punje, punje huzipasua lisosomu, na ishara za uvimbe hutolewa mfululizo hata mapafu yakaingia makovu.

DAMU YA MWANADAMU

Tripanosoma brusei, mojawapo ya vijidudu vya nagana, nacho kina lisosomu. Kiingiapo katika damu ya mwanadamu, hujilisha chembe za mafuta zilizomo, na pamoja nazo humeza protini iitwayo APOL1. Katika tindikali ya lisosomu protini hiyo hujipachika katika utando na kufungua vitundu. Chumvi na maji huingia, kifuko huvimba, tando nyingine nazo hudhurika, na kijidudu hufa. Kazi hiyo ya APOL1 ilibainishwa mwaka 2003 na kundi la watafiti la Etienne Pays, huko Brussels. Damu ya ng'ombe na punda haina silaha hiyo.

Lakini ipo jamii ya kijidudu hicho, rodesiense, iliyotambuliwa mwaka 1910, ambayo haidhuriki. Jamii hii hutengeneza protini iitwayo SRA, ambayo huikamata APOL1 na kuizuia isitoboe. Hivyo basi lisosomu ya kijidudu haivuji, nacho huzaana ndani ya damu ya mtu. Hicho ndicho kijidudu cha malale katika Afrika Mashariki. Kwa darubini hakitofautiani na kile cha nagana, na pongo au ng'ombe huweza kukibeba bila ya kuonyesha dalili. Kwa sababu hiyo, mtu kuishi miaka mingi katika nchi ya mbung'o bila ya kuugua si hakikisho kwamba damu yake itamkinga siku zote.

YANAYOPASA KUFANYWA

Malale hayana chanjo. Mbung'o huuma mchana, kwa hiyo chandarua pekee hakitoshi. Inafaa kuvaa nguo nzito zenye mikono mirefu na kuepuka rangi ya buluu na nyeusi, ambazo humvutia.

Dalili za mwanzo ni kidonda mahali palipoumwa, homa, maumivu ya kichwa na ya viungo. Baadaye kijidudu huingia ubongoni. Mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku na kuchanganyikiwa. Asipotibiwa hufa, mara nyingi katika muda wa miezi michache.

Msafiri aliyerejea akishikwa na homa asiidhanie kuwa ni malaria tu. Anahimizwa aende hospitali mapema, amweleze daktari kwamba alifika katika nchi yenye mbung'o, na aombe damu yake ipimwe kwa darubini. Dawa ipo: mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa aina hii ya malale. Kuchelewa ndiko kunakoua.