Namba Sita na Mwizi Asiyelala

Tarehe 20 Julai 2022, wafanyakazi wasiopungua 76 wa Cloudflare, kampuni ya Marekani inayolinda tovuti, walipata meseji karibu kwa mpigo mmoja. Ratiba yako ya kazi imebadilika, bonyeza hapa uione. Waliobonyeza walikuta ukurasa uliofanana na ule wanaoingilia kazini kila siku. Watatu wakaandika nywila zao, zikamfikia mwizi papo hapo. Hata hivyo hakuweza kuingia. Kampuni nyingine ya Marekani, Twilio, iliposhambuliwa kwa mbinu kama hiyo kipindi hichohicho, taarifa za baadhi ya wateja wake zilifikiwa.

Cloudflare iliokolewa na hatua ya pili ya uthibitishaji, na hapa aina ya hatua hiyo ndiyo iliyoamua mambo.

Hatua tuliyoizoea ni namba inayotumwa kwa SMS. Usalama wake unategemea laini, na Afrika Mashariki nani asiyejua kwamba tapeli anaweza kwenda kubadilishiwa laini ya mtu mwingine? Programu ya kuthibitisha, inayowekwa kwenye simu, ni bora zaidi. Unapoiwasha kwa kupiga picha alama ya QR inayoonyeshwa na tovuti, simu na tovuti huwa zimekubaliana siri moja. Simu huchanganya siri hiyo na saa, na kila baada ya sekunde 30 hutoa tarakimu sita mpya, hata pasipo mtandao wala laini.

Lakini tarakimu ni tarakimu. Ukurasa wa uongo utakuomba nazo pia, na sekunde 30 zinamtosha mwizi kuziandika kwenye tovuti halisi. Kitufe cha “Kubali” kinachotokea kwenye simu mtu anapojaribu kuingia nacho kina udhaifu wake: Septemba 2022 mdukuzi aliingia kwenye mifumo ya kampuni ya Uber baada ya maombi mfululizo kumchosha mtu mmoja hadi akakubali.

Wafanyakazi wa Cloudflare walikuwa na ufunguo wa usalama, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Kwa kila tovuti hutengeneza jozi ya funguo: mmoja hupewa tovuti, mwingine hautoki kamwe kwenye kifaa. Wakati wa kuingia, kivinjari hukitajia kifaa anwani halisi ya ukurasa. Herufi moja ikitofautiana, kifaa hakitii saini ya kuruhusu kuingia. Jicho la binadamu hudanganyika. Hapa halikuulizwa chochote.

Funguo za siri zinazohifadhiwa ndani ya simu na kufunguliwa kwa alama ya kidole hutumia kanuni hiyohiyo, bila kununua kifaa. Ningeanza na barua pepe, maana akaunti nyingine karibu zote hubadilishiwa nywila kupitia hapo. Atakayenunua kifaa anunue viwili, kimoja akifungie nyumbani. Kisha aingie kwenye mipangilio na kuiondoa SMS kama njia ya dharura, kwa sababu mwizi akikwama atabonyeza “Nimepoteza ufunguo” na kuomba zile namba sita.