Gari ya Gesi Inapochemka



Baadhi yetu tumezigeuza gari zetu za petroli zitumie gesi, ile ile ipikiwayo majumbani, na tangu kuanza msimu huu tumeletewa malalamiko ya namna moja: gari yachemka. Kwenye tambarare yaenda vizuri, lakini ikishapakia magunia na kuikabili milima ya kuelekea Chake, mshale wa joto wapanda mpaka kwenye alama nyekundu. Jambo hili si la kupuuzwa. Karafuu mbichi zikilala njiani ndani ya magunia huvunda zikawa mpeta, na injini iliyochemshwa mara mbili tatu huweza kupinda silinda hedi, na hapo faida yote ya gesi yaishia kwa fundi.

Mwenzetu mmoja alinunua rejeta mpya kwa kuambiwa kuwa ya zamani imeziba. Siku ya tatu gari ikachemka tena. Rejeta haikuwa na kosa lolote. Ndiyo maana tumeona yafaa tueleze hapa jinsi ya kulitafuta kosa kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Kwanza yapasa kufahamu gesi inavyofika katika injini. Ndani ya mtungi gesi huwa majimaji kwa sababu imebanwa. Kabla ya kuingia katika injini hupita katika chombo ambacho mafundi hukiita ridusa, nacho kazi yake ni kuipunguza nguvu na kuigeuza iwe mvuke. Kugeuka huko kwataka joto jingi, na joto hilo huchukuliwa katika maji ya moto ya injini, yaletwayo na kurudishwa kwa mipira miwili. Basi siku gari inapogeuzwa, mipira ya maji hukatwa na kuunganishwa upya, na hewa huingia. Fundi mwenye haraka asipoitoa yote, hewa hukwama, maji yakashindwa kuzunguka, na injini ikachemka ingawa rejeta ni nzima.

Kulijua hilo ni rahisi. Injini ikishapata moto, iguse ridusa kwa uangalifu. Ikiwa ya moto, maji yapita. Ikiwa baridi, au imefanya barafu kwa nje ilhali injini inatokota, maji hayafiki: ama yamepungua, ama hewa imekwama. Watu huona ajabu barafu na moto kukaa chini ya boneti moja, lakini hakuna dalili iliyo wazi kuliko hiyo. Tazama pia ridusa imefungwa wapi. Ikiwa juu kuliko mdomo wa rejeta, hewa itarudi kukusanyika humo kila mara, hivyo na iteremshwe. Kuitoa hewa, ngoja injini ipoe kabisa, fungua kifuniko, jaza maji, washa, na minya mipira mpaka mapovu yaishe. Kifuniko cha rejeta ya moto hakifunguliwi hata kwa kitambaa. Maji yaliyobanwa humo huwa na moto kupita digrii 100 na humrukia mtu usoni.

Ridusa ikiwa ya moto na gari bado yachemka, irudishe kwenye petroli, uiendeshe njia ile ile na mzigo ule ule. Ikichemka vile vile, gesi haina lawama: tazama mkanda wa feni, themostati, pampu ya maji, na uso wa rejeta, ambao kwa gari zetu hujaa vumbi, majani na makonyo. Ikichemka kwenye gesi tu, yumkini gesi ni chache na hewa ni nyingi. Mchanganyiko wa namna hiyo huongeza joto na huunguza vali. Huenda chujio la gesi limeziba, au mpira wa hewa umepasuka, au, na hili twalisema wazi, mwenyewe alimwomba fundi apunguze gesi ili abane matumizi. Kubana huko ni hasara. Urekebishaji wake wataka fundi mwenye chombo cha kupimia moshi, si wa kukisia kwa sikio.

Limebaki la mapovu. Mapovu yasiyokwisha ndani ya rejeta, mafundi wengi husema papo hapo kuwa gasketi ya silinda hedi imeungua, na injini ikafunguliwa. Ngojeni. Ridusa ikitoboka kwa ndani, gesi nayo huingia katika maji ikafanya mapovu yale yale. Funga gesi mtungini, itembeze injini kwa petroli. Mapovu yakikoma, kosa ni la ridusa, nayo hutengenezwa kwa fedha chache zaidi. Yakiendelea, basi gasketi ndiyo.

Kazi yote hii ifanywe uwanjani penye upepo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kutuama, kwa hiyo gari isitiwe juu ya shimo la fundi, wala sigara isiwashwe karibu. Penye wasiwasi wa kuvuja, pakeni povu la sabuni kwenye maungio, kamwe si kiberiti. Gari ikilala, fungeni vali ya mtungi.