Mtaji wa Kigeni Unavyopimwa: Kutoka Makaa ya Mawe ya Mbinga hadi Takwimu za Taifa

Malori yanayopakia makaa ya mawe katika mgodi wa Ngaka, Kata ya Ruanda wilayani Mbinga, hupita Kitai kuelekea Songea, na baadhi huendelea hadi bandari ya Mtwara. Mwananchi anayeyatazama yakipita huona uwekezaji kwa macho yake. Hata hivyo, ili uwekezaji huo uingie katika takwimu za Taifa, ni lazima upite katika utaratibu mrefu wa kuhesabu, kuhakiki na kulinganisha. Utaratibu huo ukifanyika vizuri, Serikali hujua kiasi cha mtaji kilichoingia, kilikotoka na shughuli kinakotumika. Ukiwa na kasoro, mkoa wenye mgodi unaweza kuonekana katika jedwali kana kwamba hauna mwekezaji.

Nchini Tanzania, utafiti wa mitaji binafsi kutoka nje umekuwa ukifanyika tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ushirikiano wa taasisi kadhaa. Miongoni mwake ni Benki Kuu ya Tanzania (BoT), Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) na Kituo cha Uwekezaji Tanzania (TIC), ambacho majukumu yake sasa yako chini ya Mamlaka ya Uwekezaji na Maeneo Maalumu ya Kiuchumi (TISEZA). Kwa upande wa Zanzibar, zinashiriki Mamlaka ya Kukuza Uwekezaji Zanzibar (ZIPA) na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Matokeo yake hutumika kuandaa urari wa malipo ya nje na Ripoti ya Uwekezaji Tanzania.

Kipi huhesabiwa na kipi hakihesabiwi

Kwa mujibu wa mwongozo wa sita wa urari wa malipo uliotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 2009, uwekezaji wa moja kwa moja kutoka nje ni ule ambao mwekezaji mkazi wa nchi nyingine anamiliki asilimia 10 au zaidi ya nguvu ya kura katika kampuni. Kiwango hicho huchukuliwa kuwa dalili ya mwekezaji mwenye sauti katika uendeshaji na nia ya kudumu. Anayemiliki chini ya hapo huhesabiwa kuwa mnunuzi wa hisa wa kawaida, na mtaji wake huandikwa katika fungu jingine.

Mgodi wa Ngaka ni mfano ulio wazi. Kampuni ya TANCOAL Energy ilianzishwa mwaka 2008 kwa ubia ambamo Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) lilikuwa na asilimia 30 na kampuni ya Intra Energy, yenye asili ya Australia, asilimia 70. Kwa mgawanyo huo wa awali, sehemu inayoingia katika takwimu za mtaji wa kigeni ni asilimia 70 pekee. Asilimia 30 ya NDC ni mali ya umma wa Tanzania, hivyo kuuandika mgodi wote kuwa mtaji wa kigeni ni kuongeza chumvi.

Katika ukanda huohuo yapo mambo mengi yanayofanana na uwekezaji wa kigeni lakini hayaingii katika hesabu hiyo. Barabara ya lami ya Mbinga–Mbamba Bay, yenye urefu wa kilomita 66, ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB); mkopo huo ni deni la Serikali. Bandari ya Mbamba Bay ni mali ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA), na ujenzi wake ni uwekezaji wa umma hata pale mkandarasi anapotoka nje. Mnunuzi wa ng'ambo anayenunua kahawa ya wakulima wa Mbinga mnadani anafanya biashara, hajawekeza. Lakini shamba la kahawa la Aviv huko Lipokela, wilayani Songea, lililoanzishwa na kampuni ya Olam ya Singapore, ni uwekezaji wa moja kwa moja, kwa kuwa kampuni ya nje imeweka mtaji katika uzalishaji ndani ya nchi.

Jambo linalowachanganya wengi ni uraia. Takwimu hizi hufuata ukazi, si pasipoti. Raia wa nchi ya Ulaya aliyehamia Liuli, akaishi hapo mwaka mmoja au zaidi na kuendesha nyumba ya wageni kando ya Ziwa Nyasa kwa fedha zake, kitakwimu ni mkazi wa Tanzania. Kwa upande mwingine, Mtanzania aliyeweka makazi ya kudumu Oman na kumiliki nusu ya kampuni ya uvuvi iliyosajiliwa Mbamba Bay ni mwekezaji kutoka nje.

Njia tatu za mtaji kuingia

Dodoso la utafiti halimuulizi mwekezaji swali moja tu la kiasi alicholeta. Linatenganisha mafungu matatu: hisa, faida iliyobakizwa katika kampuni, na mikopo kati ya kampuni mama na kampuni tanzu.

Chukua mfano wa kubuni wa kampuni ambayo mwekezaji wa nje anamiliki asilimia 70. Mwaka huu imepata faida ya shilingi bilioni 10 baada ya kodi, na imegawa gawio la bilioni 4. Faida iliyobaki ni bilioni 6, na sehemu ya mwekezaji wa nje ni bilioni 4.2. Aidha, kampuni mama imeikopesha bilioni 5 na kurejeshewa bilioni 1 ya mkopo wa zamani, hivyo mkopo halisi ni bilioni 4. Hakuna hisa mpya iliyouzwa, na mtu angeweza kudhani mtaji wa mwaka huo ni sifuri. Kwa hesabu sahihi ni shilingi bilioni 8.2.

Kwa kanuni hiyohiyo, jibu linaweza kuwa hasi. Kampuni iliyopata hasara, au iliyorejesha mikopo mingi kuliko iliyopokea, huonesha mtaji uliopungua. Ndiyo maana takwimu za mwaka mmoja zinaweza kushuka bila mwekezaji yeyote kufunga virago.

Hapa pia ndipo inapoonekana tofauti kati ya mtaji ulioidhinishwa na mtaji ulioingia. Cheti cha uwekezaji huonesha kiasi ambacho mwekezaji amekusudia kutumia, pengine kwa miaka kadhaa. Utafiti hupima kilichotokea. Mwananchi anayesoma takwimu hizo mbili hana budi kutozichanganya.

Orodha, sampuli na uzito

Kazi ya kwanza ya watakwimu ni kupata orodha kamili ya kampuni zenye mtaji wa nje. Orodha hiyo huunganishwa kutoka katika kumbukumbu za usajili wa kampuni, vyeti vya uwekezaji, leseni za kisekta na tafiti zilizopita. Kampuni zilizofungwa huondolewa, zilizobadili majina huunganishwa, na mpya huongezwa. Orodha ikiwa pungufu, hakuna ufundi wa baadaye utakaorejesha kilichoachwa.

Kisha kampuni hupangwa kwa makundi ya ukubwa na shughuli. Zilizo kubwa hufuatwa zote bila kubahatisha, kwa sababu mtaji wa kigeni hulundikana katika kampuni chache. Mgodi mkubwa hauwezi kuwakilishwa na mwingine. Kwa kampuni ndogo, sampuli hutosha: kama kundi lina kampuni 40 na zimechaguliwa 10, kila moja hubeba uzito wa 4. Zikijibu 8 pekee, uzito hupanda hadi 5, kwa dhana kwamba zilizokaa kimya zinafanana na zilizojibu. Dhana hiyo ikivunjika, makadirio yote ya kundi hupotoka. Kwa sababu hiyo, wadadisi hurudi zaidi ya mara moja kwa kampuni ambayo haijarejesha dodoso.

Majibu hulinganishwa na hesabu zilizokaguliwa. Vilevile, thamani ya mwanzo wa mwaka ikijumlishwa na mtaji ulioingia inapaswa kukaribia thamani ya mwisho wa mwaka. Katika mfano uliotangulia, kama kampuni ilianza na shilingi bilioni 50, ikaongezewa bilioni 8.2, na ikaripoti bilioni 61 mwishoni, zipo bilioni 2.8 zinazohitaji maelezo. Huenda mkopo wake uko katika dola na shilingi imeshuka thamani, hivyo deni limekua bila fedha yoyote kuingia. Mabadiliko ya namna hiyo hutengwa ili yasihesabiwe kama uwekezaji mpya.

Mgodi uko Mbinga, ofisi iko mjini

Suala linalogusa moja kwa moja wananchi wa Ruvuma ni mahali mtaji unapoandikwa. Kampuni nyingi zina makao makuu Dar es Salaam, na mhasibu anayejaza dodoso yuko huko. Asipoeleza mahali shughuli zilipo, mtaji unaweza kuhesabiwa katika mkoa wa ofisi badala ya mkoa wa mgodi, shamba au kiwanda. Ni sababu mojawapo ya kusoma kwa uangalifu nafasi ya juu ya Dar es Salaam katika mgawanyo wa kimkoa. Kampuni yenye shughuli katika mikoa kadhaa inahitajika kugawa mtaji wake kwa kufuata mali na shughuli zilizopo kila mahali.

Wapo pia wanaouliza kwa nini Serikali haichapishi mtaji wa kigeni kwa kila wilaya na kila shughuli. Jibu liko katika Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inayolinda taarifa za mtoa taarifa. Wilaya ikiwa na kampuni moja tu ya makaa ya mawe, kuchapisha jumla ya wilaya ni sawa na kutangaza vitabu vya kampuni hiyo. Kwa hiyo takwimu huunganishwa hadi ngazi ambayo hakuna kampuni inayoweza kutambulika, na watumishi wanaozishughulikia hula kiapo cha kutunza siri.

Ulinzi huo una gharama yake. Mkazi wa Mbinga hupata picha ya mkoa na ya sekta, bila kupata ya wilaya yake. Lakini pasipo ulinzi huo, kampuni zingejaza dodoso kwa woga au zisingelijaza kabisa, na hata picha hiyo ya mkoa isingepatikana.

Kwa kampuni zenye mtaji wa nje, wajibu ni kujaza dodoso kwa wakati, kwa kutumia hesabu zilizokaguliwa na kwa kutaja mahali halisi pa shughuli. Kwa mwananchi anayefuatilia taarifa za uwekezaji, maswali matatu yatamsaidia kuzielewa: je, ni mtaji ulioidhinishwa au ulioingia? Ni wa mwaka mmoja au uliolimbikizwa? Na umeandikwa ulipo mgodi au ilipo ofisi?