Uvimbe wa Taya kwa Mtoto: Usingoje



Tuseme mtoto wako ana miaka mitano. Meno yake ya nyuma yanalegea. Shavu moja linavimba. Homa hana, wala halii kwa maumivu. Jirani anasema, "Ni jino tu, ling'oe." Mwingine anasema amerogwa. Je, utafanya nini?

Uvimbe wa taya waweza kuwa jipu la jino au matubwitubwi. Lakini waweza pia kuwa saratani iitwayo limfoma ya Burkitt. Saratani hii huwapata zaidi watoto wa miaka 4 hadi 7.

Burkitt ni jina la daktari aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Akajiuliza: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kilomita 16,000 hivi, wakiuliza katika hospitali za nchi nyingi. Waliona kwamba ugonjwa uko katika sehemu za joto na mvua. Milimani kwenye baridi ulikuwa nadra kuonekana.

Sisi wa Karatu tunaijua tofauti hiyo. Ukitoka kwenye baridi ya Ngorongoro ukateremka Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, unakuta joto, mifereji ya mashamba ya vitunguu, na mbu. Penye mbu hao pana malaria.

Mwaka 1964 wataalamu watatu huko London, Epstein, Achong na Barr, waliona virusi ndani ya uvimbe huo. Virusi hivyo huenea kwa mate. Karibu watu wote tunavyo mwilini, na wengi wetu havitudhuru. Lakini mtoto akiugua malaria mara kwa mara, kinga ya mwili wake huvurugika. Hapo virusi hupata nafasi ya kuleta saratani. Watoto wachache tu hufikia hali hiyo.

Basi ugonjwa huu si uchawi. Na mtoto mwenye saratani hii hawaambukizi wenzake saratani. Asitengwe.

Mpeleke mtoto zahanati mara moja ukiona:

1. Taya au shavu linavimba na kukua upesi.
2. Meno yanalegea kabla ya wakati wake.
3. Jicho linatokeza nje.
4. Tumbo linavimba.

Usimchome moto, wala usimng'oe meno nyumbani. Uvimbe huu hukua kwa siku, haungoji mavuno. Zahanati itampeleka hospitali ya wilaya, na huko wataweza kumpeleka hospitali ya rufaa, kama KCMC Moshi au Bugando Mwanza.

Sasa habari njema. Ugonjwa huu una dawa, na watoto wengi wakiwahi hupona. Tena dawa huupunguza uvimbe haraka. Hapo ndipo wazazi wengine hukosea. Wanaona shavu limerudi, wanamchukua mtoto nyumbani, na ugonjwa unarudi kwa nguvu. Ndugu mzazi, maliza dawa zote, hata kama shamba linakuita.

Nyumbani nako tuna kazi. Mtoto alale ndani ya chandarua kila usiku. Akipata homa, apimwe malaria na atibiwe siku hiyo hiyo.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.