Niulizeni Kikohozi Kimeninyima Nini

Ukikohoa ndani ya matatu ya Wote kwenda Emali, abiria wa kando hakuambii kitu. Anafungua dirisha tu, na akiwa na mtoto anamgeuza uso upande wa pili. Simlaumu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kati ya kila watu wazima 100,000 nchini Kenya, 558 walikuwa na kifua kikuu, kwa hivyo woga wake una sababu. Shida ni kwamba woga huo umetuzoesha kukiuliza kikohozi swali moja pekee: ni TB au si TB?

Mimi nilipimwa. Makohozi kidogo niliyoweza kuyatoa yakapitishwa kwenye mashine ya GeneXpert, kifua kikapigwa eksirei, vyote safi. "Mama, huna kitu," nikaambiwa, nikapewa dawa ya maji. Kwingine nikapewa antibayotiki. Jirani akaniletea asali na tangawizi. Na usiku nilikuwa nalala nimeketi, mito imepangwa mgongoni, hadi mzee wangu akahamishia godoro lake sebuleni bila ugomvi wowote. Kama huko ndiko kutokuwa na kitu, sijui mwenye kitu hulala vipi.

Kwa mtu mzima, kikohozi kikipita wiki 8 madaktari hukiita kikohozi sugu. Changu kilikuwa kimepita mwaka nilipoketi mbele ya tabibu kijana ambaye niliwahi kumfundisha hesabu shule ya msingi. "Mwalimu," akasema, "leo sitaanza na kifua. Nataka kujua kikohozi kimekunyima nini hizi wiki 2 zilizopita." Akatoa karatasi yenye maswali 19, akawa ananifafanulia moja moja.

Hojaji hiyo ilitungwa Leicester, Uingereza, na Dkt. Surinder Birring na wenzake, ikachapishwa mwaka 2003. Kila swali lina majibu 7: namba 1 ni hali mbaya kabisa, namba 7 ni mtu asiyesumbuka. Maswali 8 yanahusu mwili, 7 yanahusu moyo na mawazo, 4 yanahusu maisha yako na watu. Unatafuta wastani wa kila fungu, kisha unajumlisha. Aliye hoi kabisa hupata 3, mzima hupata 21. Kijana alipiga hesabu hizo kwa kichwa, na wastani nilimfundisha mimi.

Yale ya mwili niliyajibu haraka: usingizi, uchovu, sauti kukauka, kero ya moshi. Yale mengine ndiyo yaliyonishika. Unaona haya mbele za watu? Una hofu kwamba wanadhani una ugonjwa mbaya? Kikohozi hukukatiza ukizungumza, hata kwenye simu? Nikamkumbuka binti yangu aliye Mombasa, ambaye alikuwa ameacha kupiga simu akawa anatuma ujumbe. Nikaikumbuka kwaya, niliyoiacha nikisingizia magoti. Mwili ukatoka 3.5, mawazo 2.6, jamii 3.0. Jumla 9.1.

Kuna jambo ambalo karatasi hiyo haiulizi, nami nilikuwa nalificha hata kwa akina mama wenzangu wa chama. Nikikohoa kwa nguvu, mkojo huniponyoka. Wamarekani Cynthia French na Richard Irwin waliliweka kwenye hojaji yao ya maswali 28, iliyotoka mwaka 2002. Niliposikia kwamba lipo hata kwenye karatasi za wataalamu nilicheka, kisha nikasema yote. Huwapata wanawake wengi wanaokohoa sana.

Lakini si wangehesabu tu mtu amekohoa mara ngapi? Wanahesabu. Kuna vinasa sauti ambavyo mgonjwa huvaa mchana na usiku kwa kazi hiyo. Ila wingi wa kikohozi na uzito wa mateso haviendi sambamba sikuzote. Mwendesha bodaboda na mhubiri wanaweza kukohoa sawasawa, na mhubiri peke yake akapoteza kazi. Ndiyo maana watafiti humsikiliza mgonjwa pia: alama zake kwenye hojaji ya Leicester zikipanda kwa 1.3 au zaidi, huhesabiwa kwamba amepata nafuu anayoihisi mwenyewe.

Chanzo, hata hivyo, karatasi haikitaji. Huenda ikawa pumu, asidi ya tumbo inayopanda kooni, makamasi yanayoteremka nyuma ya pua, sigara, au moshi wa kuni. Muthokoi hauivi kwa nusu saa, nasi wanawake wa Makueni huukalia jikoni hadi macho yawe mekundu. Nilikuwa tayari nimehamishia mafiga nje. Chanzo changu kilikuwa ndani ya mkoba. "Unameza dawa gani, Mwalimu?" Nikatoa vidonge vya presha, enalapril. Dawa za kundi hilo huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, wanawake zaidi kuliko wanaume, na kinaweza kuanza miezi kadhaa baada ya kuzizoea. Akanibadilishia losartan. Kikohozi hakikuisha siku hiyo. Huchukua wiki kadhaa, kwa wengine hata miezi 3. Niliporudi akaniuliza maswali yaleyale, nikapita 16. Kwaya nimerudi, sauti ya pili.

Msomaji, usiache dawa za presha kwa sababu umesoma haya. Nenda na vidonge vyako ukamwonyeshe daktari. Ukikohoa wiki 2, anza na kipimo cha TB, ambacho hospitali za serikali hufanya bila malipo. Kikitoka safi na bado unakohoa, usikubali kuambiwa huna kitu. Andika kwenye daftari lako la hospitali usiku uliokosa usingizi, kazi uliyoiacha, mkutano uliouepuka, na lile la mkojo pia, umsomee daktari kabla hajakuandikia dawa ya maji.